Ukanda wa Kijani Mbele ya Jiko la Giok-lan

Gari lile jeupe halikumgonga Mzee Kim-tiong. Ndivyo alivyosema dereva, na kwa kweli halikumgonga yeye, liligonga gurudumu la kiti chake. Kiti kilizunguka kama sahani iliyosukumwa mezani, na kiliposimama mzee alikuwa ameelekea ukutani, kofia imemdondokea magotini, pua yake karibu iguse matofali. Dereva alishusha kioo, akainamisha kichwa, akaomba radhi, akaondoka. Alikuwa amechelewa kazini. Wote wanaokatiza kichochoro chetu asubuhi wamechelewa kazini.

Mkewe, Shangazi Giok-lan, alitoka mbio na mwiko wa chuma mkononi, mafuta yakidondoka njiani. Alimgeuza mumewe, akamkagua kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akamvalisha kofia.

"Basi," akasema. "Kuanzia leo hutoki peke yako."

"Nani atanipeleka?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

Jikoni nyuma ya Shangazi chapati ya mayai ilikuwa inaungua, na watu watatu juu ya skuta walikuwa wanamsubiri.

Si shangazi yangu wa damu. Tunaishi mkabala nao, na tangu nianze kutembea nimekuwa nikila kwake kabla ya shule. Jiko lake liko mbele ya nyumba, chini ya turubai la mistari lililotokeza mpaka barabarani. Anapika chapati za mayai, anakaanga vipande vya keki ya figili, anamimina maziwa ya soya ya moto kwenye vikombe vya karatasi. Wateja wake wengi hawashuki hata kwenye skuta. Wanaingia chini ya turubai injini ikiwaka, wanapaza sauti, wanapewa, wanaondoka. Jikoni hawaiti wateja kwa majina, anawaita kwa chakula chao. Mimi, ambaye mama ananiita Yun, kwake ni Yai Moja Bila Kitunguu. Mwalimu wangu wa hesabu ni Pilipili Nyingi.

Mzee Kim-tiong alipata kiharusi nikiwa bado shule ya msingi. Upande wake wa kulia ulilala. Alijifundisha kuendesha kiti cha magurudumu kwa mkono mmoja na mguu mmoja, na kila asubuhi alikuwa akienda hivyo, kidogo kidogo, hadi hekaluni mwisho wa kichochoro, kucheza sataranji na wazee wenzake. Paa la hekalu unaliona ukiwa umesimama jikoni kwa Shangazi. Lakini hatuna njia ya waenda kwa miguu. Pembezoni mwa barabara ni petu: vyungu vya maua, skuta, magari, na zile ndoo zilizojazwa saruji ambazo watu huziweka mbele ya nyumba ili mwingine asije akaegesha. Kwa hiyo mzee alikuwa anapita katikati, pamoja na magari.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asicheze sataranji nyumbani, mimi ningeweza kujifunza nikacheza naye. Maneno yake hutoka polepole.

"Nyumbani kila mtu ni mwema kwangu," akasema. "Kule nikicheza vibaya wananitukana."

Baada ya gari jeupe hakutukanwa tena. Alikaa nyuma ya jiko karibu na trei za mayai, akitazama barabara. Shangazi alimpa kazi ya kufunika vikombe. Alivifunika siku mbili, siku ya tatu akaacha, mkono ukabaki umelala juu ya vifuniko. Chakula akawa anakiacha nusu. Shangazi alikuwa akiongea na wateja huku jicho moja liko kwenye bakuli la mumewe.

Ndipo alipokuja Bwana Yeh, mwenyekiti wa mtaa, akiwa na fulana yake ya kizibao yenye jina lake mgongoni. Alikula vipande vya figili akiwa amesimama, akasema jiji limepata habari za kichochoro chetu. Kuna mpango wa kupunguza mwendo wa magari. Watachora ukanda wa kijani upande mmoja kwa ajili ya wapita njia, barabara itakuwa nyembamba, na labda wataweka tuta.

Mwiko wa Shangazi ulisimama. "Kijani kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka barabara kubwa mpaka hekaluni. Lakini watu wakubali kwanza. Wasipokubali, rangi inapelekwa mtaa mwingine, na foleni ni ndefu. Wewe ndiye balozi wa nyumba hizi. Waulize."

Ni balozi kweli. Alichaguliwa siku ambayo hakuna aliyetaka kunyoosha mkono, na yeye alikuwa ametoka kwenda kuchemsha maji ya chai.

Aliwauliza watu pale ambapo kila mtu angewaulizia: kwenye gari la taka. Huku kwetu huwezi kuacha mfuko nje ya mlango. Jioni gari linakuja likipiga muziki wake, na nyumba zote zinamwagika barabarani na mifuko mikononi, wengine na kandambili, wengine nywele bado zimelowa. Ndiyo saa pekee ambayo majirani wote wako mahali pamoja.

"Mama Yun," Shangazi alimwita mama yangu, "jiji linataka kutuchorea njia ya kupitia kwa miguu. Unaonaje?"

"Vizuri sana, dada! Vizuri sana."

"Bibi Lo?"

"Mimi mzee, nitakataa njia ya kutembelea?"

"Na wewe, Kang?"

Kang ni fundi wa pikipiki. Duka lake liko upande wa Shangazi, la mwisho kabla ya hekalu, na shavu lake la kushoto limevimba siku zote kwa tambuu. Alirusha mfuko wake ndani ya gari, akafuta mikono kwenye suruali.

"Dada, wewe ukiona inafaa, mimi ni nani nipinge?"

Shangazi alirudi nyumbani akitembea haraka kama msichana. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Wote! Wote wamekubali!"

Sisi tulirudi kwetu. Mama alivua kandambili mlangoni, akasema, "Na gari langu nitaliweka wapi? Kichwani?"

"Lakini umesema vizuri sana," nikamwambia.

"Ulitaka nimwambie nini mbele za watu, tena na taka mkononi?"

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa hekalu. Kulikuwa na viti vya plastiki, machungwa na chai. Mhandisi wa jiji alikuwa dada mmoja mwembamba aitwaye Fang, amekuja na ramani kubwa aliyoibandika ukutani. Bwana Yeh alimkaribisha kwa kusema kwamba kichochoro hiki hakina shida, balozi ameshaulizia, wananchi wote wameunga mkono. Shangazi alikaa mstari wa mbele, amevaa blauzi ya sikukuu. Mzee Kim-tiong alikuwa kando yake.

Mhandisi Fang alianza na tuta. Hakufika mbali.

"Litakaa mbele ya nyumba ya nani?" akauliza mtu nyuma.

"Tumependekeza hapa, karibu na..."

"Lori likiruka pale usiku, kitanda changu kitaruka nalo!"

Mzee mmoja wa kamati ya hekalu akasimama. Alisema wanaobeba sanamu ya mungu wa hekalu kwenye kiti chake, siku ya msafara, huenda kwa hatua za kuyumba, mbele na nyuma. Wakijikwaa kwenye tuta na mungu akaanguka, jiji litakuja kumwokota? Mhandisi akachukua kalamu, akalikata tuta kwenye ramani. Watu wakacheka, nami nikadhani mambo yatalainika.

Kisha akaonyesha ukanda wa kijani. Akaeleza kwamba ukipakwa upande wa Shangazi, magari yaliyoegeshwa upande wa pili itabidi yaondoke, maana barabara haitatosha. Ukipakwa upande wa pili, ni kinyume chake.

Ukumbi ulilipuka. Upande wetu walisema magari yaondoke upande ule. Upande ule walisema yaondoke kwetu. Mama yangu, ambaye nyumbani hata simu huongea kwa sauti ya chini, alisimama juu ya vidole akapiga kelele kuhusu mahali pa gari lake. Bibi Lo alisema yeye anataka njia, ila vyungu vyake visiguswe. Bwana Yeh alikuwa anamgeukia Shangazi, uso umemwiva.

"Balozi, si uliniambia wote wamekubali?"

"Walikubali," alisema Shangazi. "Mama Yun, hukukubali? Bibi Lo?"

Mama alitazama viatu vyake.

Kang alitema tambuu kwenye kikombe cha karatasi, akainuka taratibu. "Tusizungushane," akasema. "Mimi ndani kwangu hapamtoshi hata paka kujinyoosha. Pikipiki za wateja zinakaa nje, na nje ndiko ninakofanyia kazi. Mnataka nifunge duka. Kwa ajili ya nani? Ukanda huu ni wa mtu mmoja, na dada anajua, na nyote mnajua. Basi asiseme ni wa wananchi."

Nilitamani kutoka nje. Mzee Kim-tiong alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake mzima umeshika gurudumu, kama anayetaka kuondoka lakini watu wamejaa njiani.

Shangazi alisimama. Nilidhani atakana.

"Ndiyo," akasema. "Ni wa mtu mmoja. Huyu hapa. Yuko nyuma ya jiko langu tangu gari limgeuzie ukutani, hali, hasemi, hata vikombe ameacha kunifunikia. Nataka aende kucheza sataranji yake. Ningeweza kusema ni kwa ajili ya watoto wa shule, ingependeza. Nasema ukweli. Na wewe, Kang, unapinga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu," akasema Kang. "Nimesema tayari."

"Basi tumeelewana."

"Tumeelewana nini, dada? Hatujaelewana kitu!"

Mhandisi Fang alikunja ramani yake. Alisema ukanda utapita upande wa Shangazi, unaofika langoni mwa hekalu, lakini jiji haliwezi kupaka rangi mbele ya nyumba ambayo mwenyewe anakataa. Angetaka jibu kabla ya mwezi kwisha, nyumba kwa nyumba, na safari hii liwe jibu la kweli. Hakusema kwa ubaya, lakini masikio ya Shangazi yalikuwa mekundu alipokuwa akisukuma kiti kurudi nyumbani. Machungwa yalibaki mezani.

Wiki ile hakuna aliyezungumza naye kwenye gari la taka. Walimsalimu, wakatupa mifuko, wakatawanyika. Naye hakuuliza mtu kitu pale. Alianza kuingia majumbani. Alasiri, akishasugua bamba la jiko, alifunga mlango, akavua viatu mlango mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwetu nilikuwa nafanya hesabu mezani. Mama alikuwa mkavu kidogo, akammiminia chai.

"Sikuja kukuuliza kama unakubali," Shangazi akasema. "Nimekuja uniambie kwa nini hutaki. Nitakaa kimya."

Akakaa kimya kweli. Sikuwahi kumwona hivyo, mtu ambaye anaweza kupokea oda nne kwa wakati mmoja na kumkemea wa tano. Mama alianza kwa aibu, kisha akashika kasi. Siku za zamu ya jioni anatoka kiwandani usiku, miguu imevimba. Mahali pengine pa kuegesha ni mbali, nyuma ya soko, na gizani pana mbwa. Akiwa na gari mlangoni anahesabu kwamba ameshafika. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.

"Sina la kukupa," akasema. "Hilo la mbwa sikulijua."

Mama alizungusha kikombe chake. "Sitasema ndiyo, dada," akasema baadaye. "Lakini wakija kupaka sitapiga kelele. Hiyo ndiyo yangu."

Nyumba nyingine zilikuwa hivyohivyo, nusu nusu. Mmoja alikubali endapo kijani hakitagusa kizingiti chake. Bibi Lo alikubali vyungu viwili viondoke na viwili vibaki, wakabishana ni vipi viondoke. Na kila mtu wa upande wa Shangazi, kabla ya kujibu, alimuuliza swali lilelile: na turubai lako je?

Maana jiko lenyewe lilikuwa limekaa palepale ambapo kijani kingepita. Turubai, meza mbili, na nafasi ya skuta. Bila nafasi ile, mteja aliyechelewa kazini angesimama wapi? Nilimuuliza. Alinipa chapati yangu bila kunitazama. "Kula, utachelewa," akasema.

Jioni moja tulitoka na mifuko ya taka, muziki wa gari ukisikika mtaa wa pili, tukamkuta amepanda juu ya kiti, anafungua turubai. Meza zilikuwa zimeshaingizwa ndani. Aling'ang'ana na nati moja iliyoshika kutu, spana inateleza, inateleza tena. Mzee Kim-tiong alikuwa mlangoni.

"Shuka, utaanguka," akamwambia.

"Nyamaza."

"Giok-lan. Wateja."

"Nimesema nyamaza."

Tulisimama tukitazama, kichochoro kizima na mifuko yetu. Hakuna aliyesogea. Spana iliteleza kwa mara nyingine, ikamkwaruza vidole, na chuma kikalia kwa namna ambayo hata mimi nilihisi kwenye meno. Ndipo Kang akaja. Alikuja kwa hatua kubwa, kama mtu anayekwenda kupigana, kopo la mafuta mkono mmoja na spana yake mwingine.

"Utaharibu nati!" alifoka. "Shuka! Spana gani hii, ya kufungulia makopo? Shuka, dada!"

Shangazi akashuka. Kang akapanda, akatia mafuta, akasubiri, akazungusha mara moja. Nati ikafunguka. Akafungua na nyingine zote. Turubai lilipoporomoka alilikunja vizuri, akalisukumia ndani. Kisha akamnyooshea Shangazi spana.

"Nimekufungulia nati tu. Sijakubali kitu. Mbele yangu hapapakwi rangi."

"Sikukuuliza," akasema Shangazi, akinyonya kidole kilichotoka damu.

Hapakupakwa kweli. Mafundi wa jiji walikuja baada ya mvua kukatika, wakachora kijani kuanzia barabara kubwa, kikapita mbele ya jiko lisilo na kivuli, mbele ya vyungu viwili vya Bibi Lo, mpaka ukutani kwa Kang. Hapo kikakatika kama kimekatwa na kisu. Kikaanza tena baada ya duka lake, mbele ya lango la hekalu. Katikati zilisimama pikipiki zake kwa mstari. Mhandisi Fang alisema ni majaribio. Atarudi kuangalia, na kama hakuna mtu anayeutumia ukanda, utafutwa na wenye magari watarudishiwa nafasi yao.

Asubuhi ya kwanza mama alinikemea mara mbili kwamba nitachelewa shule, lakini sikuondoka mlangoni. Shangazi alikuwa jikoni kwake, jua linampiga usoni. Skuta mbili tu zilikuwa zimesimama, mbali kidogo, wenyewe wameshuka na wamenuna. Mzee Kim-tiong alivaa kofia. Alishuka kwenye kijani, mkono mmoja, mguu mmoja. Magari yalikuwa yanapita karibu naye, polepole zaidi kuliko zamani lakini yanapita, na kila lililopita Shangazi aliacha kugeuza chapati.

Mzee akapita jiko. Akapita vyungu. Akafika kwa Kang, kijani kikaisha, akasimama.

Kang alikuwa amechuchumaa akifungua gurudumu. Hakuinua kichwa.

"Zunguka, kaka," akasema.

"Kuna gari."

"Ngoja lipite."

Likapita. Mzee hakusogea.

"Limepita," akasema Kang.

"Linakuja jingine."

Ilikuwa kweli, na nyuma ya hilo kulikuwa na jingine. Shangazi alizima jiko. Alitoka mpaka ukingo wa kijani, mwiko mkononi, akapiga hatua mbili, nikajua anakwenda kumsukuma mumewe apitie barabarani, yeye mwenyewe akikinga magari kwa mwili wake. Mzee aligeuza kichwa akamwona. Akamtikisia kichwa, mara moja. Shangazi akasimama palepale alipo. Sijawahi kuona mtu aliyesimama kwa nguvu vile.

Dereva mmoja akapiga honi. Mteja wa Kang akakohoa. Bibi Lo akatoka kumwagilia vyungu ambavyo alikuwa ameshavimwagilia.

"Kaka, mimi niko kazini," alisema Kang, bado macho yako kwenye gurudumu.

"Fanya kazi. Mimi sina haraka."

Kang aliendelea kwa muda. Nati ikamponyoka, ikabingirika mpaka chini ya kiti cha mzee, na ikabidi aifuate kwa magoti. Waliangaliana kwa karibu. Kang akatukana, tusi refu la kifundi ambalo siwezi kuliandika, akainuka, akaikamata pikipiki moja kwa masikio, akaivuta ndani ya duka. Halafu ya pili. Nafasi iliyopatikana ilimtosha mzee kwa taabu, gurudumu likikwaruza ukuta.

"Leo tu!" Kang alimpigia kelele mgongoni.

Mzee alishafika kwenye kijani cha pili. Kutoka hekaluni tulisikia mtu akimwuliza kama alikuwa amekufa, na mwingine akasema ni afadhali, maana sataranji yake ilikuwa ya maiti siku zote.

Shangazi aliwasha jiko. Yai la kwanza akalivunjia nje ya bamba.

Wateja wamepungua. Trei za mayai zinazokaa nyuma ya jiko ni chache kuliko zamani, na mama anarudi usiku akilalamikia mbwa. Mhandisi hajarudi bado. Mchana ule wa kwanza, nilipotoka shule, nilimkuta Mzee Kim-tiong amesimamisha kiti chake upande wa hekalu wa duka la Kang, anarudi nyumbani. Pikipiki zilikuwa zimerudishwa kwenye mstari wake, zimebanana. Mzee alinyoosha mkono, akagonga tangi la ile iliyo karibu naye, kama mtu anayebisha hodi.

"Kang!" akaita. "Fungua!"